Nilivyoifuata Sayari ya Moto mpaka Mbweni

Nyie walimu wenzangu, na nyie majirani mlioshona sare, mmeniuliza mambo mawili mpaka nimechoka. La kwanza, harusi ya Rukia imekuwaje, maana kanga mmeshanunua na Jumamosi imepita kimya. La pili mnaliuliza kwa chinichini mkidhani sisikii: mwanamke wa umri wangu, tena mjane, hina ya bibi arusi miguuni ameipata wapi. Naandika mara moja, msome wote, halafu mniache. Mkiona maneno yangu ni makali mnisamehe, kwa sababu hasira yenyewe haijaisha.

Temeke, neno lilivyofika

Chanzo ni redio. Mnakumbuka ile habari iliyosomwa kwenye idhaa moja ya nje, kwamba wataalamu wamegundua sayari inayozunguka jua jingine, si hili letu. Mimi mwalimu wa jiografia ningeiachaje ipite? Niliwasomesha kidato cha tatu kwa raha. Niliwaambia jua lile limo katika kundi la nyota liitwalo Farasi, na nuru yake hutumia kama miaka hamsini kutufikia. Sayari yenyewe ni jitu, uzito wake ni kama nusu ya Mshtarii. Imelisogelea jua lake mno, hata Zebaki yetu ukiilinganisha nayo utasema inakaa shamba. Mwaka wake ni siku nne na ushei. Joto lake wanakisia linafika nyuzi elfu moja. Na hakuna aliyeiona kwa macho. Wameijua kwa sababu jua lake linayumba, linavutwa huku na huku na kitu kisichoonekana.

Jioni nilimsimulia Rukia mezani. Mwanangu huyu wa pekee akili yake haitulii, naye akaongeza ya kwake. Alisema huko upande mmoja hauna usiku, nguo inakauka kabla hujaikamua, na upande wa pili watu hawajawahi kuona kivuli chao. Alisema bibi arusi wa huko akipakwa hina leo, itakapofutika atakuwa na miaka mitatu ya ndoa. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kesho yake akamsimulia mchumba wake, Hamidi, kwamba wangeishi huko wangesherehekea ndoa yao kila baada ya siku nne. Hamidi naye akaenda kumchekesha mama yake.

Mama yake, Bi Shemsa, hakucheka. Alikwenda kwa mnajimu. Mnajimu, kama kawaida yao, alichukua jina la Rukia na jina langu mimi mama yake, akajumlisha herufi, akagawa, akatafuta nyota. Halafu akasema nyota ya binti ni hiyo mpya ya moto inayotangazwa redioni. Mume atakayemwoa ataungua, na ndoa haitavuka siku nne.

Haya sikuyapata kwa mshenga, ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Mshenga wetu, Bwana Shabani wa Kinondoni, kwa majuma mawili alikuwa ananiambia wenzetu wanajipanga. Niliyapata kwa jirani aliyekutana na shangazi yake Hamidi dukani Kariakoo. Ilikuwa Jumamosi jioni, na harusi ni Jumamosi inayofuata. Rukia alisikia yote. Hakulia, alishika pakiti ya hina tuliyomnunulia, akaiweka juu ya kabati, akaenda kulala. Pale ndipo nilipoapa kwamba kesho yake nakwenda Mbweni kwa wakwe.

Temeke mpaka Segerea

Mbweni ni kaskazini, Segerea ni magharibi, na mtu mwenye akili zake haendi Mbweni kwa kupitia Segerea. Lakini kwetu mwanamke haendi kusema mambo ya posa peke yake. Baba yake Rukia amefariki, walii wake wa kumwoza ni kaka wa marehemu, shemeji yangu Athumani, na Segerea ndiko alikojenga. Kwa hiyo Jumapili asubuhi nilioka mkate wa kumimina, kwa sababu shemeji huyo ukimwendea mikono mitupu haongei, nikaomba nafasi kwenye pikapu ya jirani anayesambaza soda huko.

Nyuma ya pikapu, juu ya makreti, nilimkuta mama mmoja amepakata sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Akaangalia kikapu changu, akaangalia uso wangu, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema Segerea. Akanishika mkono.

"Pole mwaya. Wako amefungwa au bado mahabusu?"

Sasa nyie mnajua, mwanamke mwenye kikapu cha chakula na uso uliokunjamana akisema Segerea, watu wanajua ni gereza. Nikamwambia sivyo, nakwenda kwa shemeji. Akasema shemeji naye ni ndugu, wala nisione haya. Nikamwambia ni mambo ya ndoa. Akatikisa kichwa, akasema hizo kesi za ndoa ndizo zinazochelewa. Nikaona nimweleze yote, sayari, mnajimu, siku nne. Akasikiliza kwa makini sana, kisha akaniuliza kama huyo mnajimu ndiye shahidi wa upande wa mashtaka. Dereva na utingo wake walikuwa wanatusikia kupitia dirisha la nyuma, nao wakaanza kunipa majina ya mawakili.

Nilitaka kushuka kwa hasira. Lakini sikushuka, kwa sababu yule mama aliendelea kuongea, na nikafahamu kwamba wa kwake kweli yumo ndani, mwanawe wa kiume, tangu kabla ya Ramadhani, na kesi haijatajwa hata mara moja. Kwenye sufuria mlikuwa na wali mtupu. Alisema mwanawe anapenda vitu vitamu lakini safari hii hakujaliwa. Nikafungua kikapu nikampa mkate wangu wote. Alinishukuru, akaahidi kumwombea shemeji yangu atoke mapema.

Ndiyo sababu nilifika kwa shemeji mikono mitupu. Aliniamkia vizuri, akatazama kikapu, akakitazama tena, halafu akanyamaza. Huyu alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kikauzwa na wao wakapunguzwa, na tangu hapo heshima ndiyo mali aliyobaki nayo, anailinda kwa makini. Nilipomwambia tunakwenda Mbweni alisema haiwezekani, mama wa binti hakanyagi ukweni kabla ya ndoa, hiyo ni aibu ya mji mzima. Nikamwambia aibu ni mwanangu kuitwa sayari ya moto. Tukabishana. Mwisho tukakubaliana kwamba tutakwenda wote, atasema yeye, mimi nitanyamaza. Kisha akataka kanzu yake ipigwe pasi, na pasi ni ya mkaa, na mkaa ulikuwa haujawashwa. Nilikaa kibarazani nikiuangalia mkaa ule unavyokataa kushika, nikaona jua linapanda.

Segerea mpaka Kinondoni

Njiani shemeji aliniuliza habari za hiyo sayari, maana msemaji lazima ajue anachosema. Nilimweleza yote. Kwenye mwaka wa siku nne alipiga hesabu kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa huzuni kubwa kwamba huko mjane angekaa eda miaka thelathini, na akauliza nani angemlisha. Nilikaa eda ya ndugu yake huyo huyo, na sikumbuki mtu aliyeuliza nani ananilisha mimi.

Bwana Shabani anauza mitumba. Tulimkuta katikati ya marobota, na aliponiona nikija pamoja na walii alijua mambo yameharibika, akakimbilia kwenye ukarimu. Alimtuma mkewe apike pilau. Nikasema sikuja kula. Shemeji, ambaye bado alikuwa anaukumbuka mkate, akasema si adabu kukataa chakula cha mshenga. Basi tukakaa mkekani tukangoja pilau, na mkewe ni mpishi mzuri lakini hana haraka. Kila nilipofungua mdomo Bwana Shabani alisema kwanza tule. Nimekula pilau nyingi maishani, ile ndiyo ya kwanza niliyoila bila kuinua macho kwenye sinia. Na ilikuwa tamu, jambo lililonizidishia hasira.

Tulipokwisha kunawa ndipo aliposema kweli. Wakwe hawakuwa wanajipanga. Walikwisha kumwambia siku nyingi kwamba posa isimame, naye akakaa na neno hilo kifuani.

"Mama Rukia, mshenga hapeleki neno baya likiwa la moto," alisema. "Analiacha kwanza lipoe."

Nikamwambia halijapoa, limeungua. Wanawake wa mtaa mzima wameshona sare, ukumbi umepatikana, mwanangu anapita barabarani watu wanamtazama. Yeye anaona anafanya ustaarabu. Watu kama hawa ndio wanaotumaliza, wanaokaa na jambo lako mfukoni na kukuchekea usoni, halafu wanataka uwashukuru kwa upole wao. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya mkewe. Shemeji alikohoa. Bwana Shabani aliinamisha kichwa, akasema atatupeleka kwa pikapu yake mwenyewe.

Kinondoni mpaka Mbweni

Wanaosema Mbweni ni karibu hawajaiendea baada ya mvua. Huko kila mwenye pesa mpya anajenga nyumba mpya, lakini barabara hakuna aliyekumbuka kuijenga. Pikapu ilizama kwenye mchanga mbele ya nyumba isiyo na paa. Bwana Shabani alikanyaga mafuta, gurudumu likazidi kujichimbia kaburi lake.

Mafundi waliokuwa wanafyatua matofali waliacha kazi wakaja kusukuma. Shemeji hakusukuma, kwa kuogopea kanzu yake. Mimi nilivua viatu nikasukuma, na hapo ndipo miguu yangu ilipoanza kuharibika, mchanga wa jua la alasiri si mchezo. Tukiwa tunapumzika, fundi mmoja aliniuliza kulikoni mama mtu mzima anatafuta nini kwenye hali hii. Nilikuwa nimefika mahali ambapo ningemwambia hata mbuzi. Nikamwambia.

Hakucheka. Aliniuliza jambo ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza: kama sayari yenyewe haionekani, hao wataalamu wana hakika gani? Nikamwambia aone mfano wa mama anayetembea gizani ameshika mkono mtoto mtundu. Wewe uko mbali, mtoto humwoni. Lakini ukiona yule mama anayumba, anavutwa mbele, anavutwa nyuma, tena kwa mpango ule ule, utajua kuna mtu amemshika. Fundi akafikiri, akasema basi hiyo sayari ina nguvu. Nikasema ina nguvu. Wakaweka mabua chini ya magurudumu, wakasukuma tena, tukatoka.

Mbweni, sebuleni

Nyumba ya wakwe ilikuwa bado inanuka rangi. Juu ya paa kulikuwa na ule ungo mkubwa wa kunasa televisheni za nje, umeinua uso mbinguni. Ndani walikuwepo watatu: Bi Shemsa, mumewe Bwana Nasoro mwenye duka, na Hamidi mwenyewe. Hamidi aliniamkia, shikamoo mama, akarudi kukaa kwenye kochi. Halua ikaletwa, na kahawa.

Shemeji alianza kama tulivyopatana. Alianza na salamu, akaenda kwa marehemu babu yake, akapita kwenye maana ya ujirani mwema. Kahawa ilikwisha, akaletewa nyingine, bado hajafika kwa Rukia. Nikaona huyu atafika sayarini kabla hajafika kwenye jambo letu. Nikavunja ahadi.

Nilimwuliza Bi Shemsa kama ni kweli kwamba mwanangu amekataliwa kwa sababu ya nyota. Alisema ni kweli, wala hakuficha. Alisema mwanawe mkubwa walimwoza bila kumtazamia nyota, mke akaondoka hata vyombo vya harusi havijafunguliwa, na yeye hatarudia kosa hilo. Macho yalimjaa machozi. Niliona kwamba ana hofu ya kweli, na hasira yangu ikapungua kidogo, lakini kidogo tu.

Kwa hiyo sikumtukana mnajimu wake. Nilimgeukia Bwana Nasoro, nikamwambia nimesikia babu yake alikuwa mtu wa elimu ya falaki, basi anisaidie kuhesabu zile nyota kumi na mbili za kwenye vitabu vyao. Akafurahi kuulizwa. Akahesabu kwa vidole: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Zikaisha.

"Farasi ni ya ngapi?" nilimwuliza.

Akasema Farasi haimo. Nikamwambia jua la hiyo sayari liko kwenye Farasi. Hata kwa hesabu za mnajimu mwenyewe, ukijumlisha jina la Rukia na jina langu mpaka kesho, huwezi kuangukia nyota ambayo kitabu chake hakina. Ameisikia redioni kama mimi, akaipachika. Na nikawaeleza kwamba nuru ya jua lile tunayoiona leo ilianza safari kabla mimi mwenyewe sijazaliwa. Rukia hakuwepo, mama yake hakuwepo, harusi ya nani ilikuwa inachomwa?

Bwana Nasoro alihesabu tena vidole vyake, akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. Alimwambia mkewe kwamba ametapeliwa. Bi Shemsa akasema basi yaishe, Jumamosi ni Jumamosi. Shemeji akainua mikono tukasoma Fatiha, na Bwana Shabani akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, kana kwamba kazi ameifanya yeye.

Nilikuwa nimeshinda. Ningeweza kuondoka. Lakini nilipokuwa nainuka nilimwona Hamidi pale pale kwenye kochi, kikombe mkononi, hajasema neno tangu shikamoo. Nikamwuliza, kwa upole kabisa, kama yeye alikuwa anajua kwamba maneno ya mnajimu si kweli. Rukia alikuwa amemweleza habari zote za ile sayari.

"Nilikuwa najua, mama," alisema. "Ila nikaona niache wakubwa mmalize wenyewe."

Alilisema kwa adabu. Mama yake alimtazama kwa fahari.

Kurudi Temeke

Safari ya kurudi sina la kuisimulia. Shemeji alishuka akiwa amefungiwa halua, ameridhika. Mimi nilifika nyumbani magharibi, miguu imevimba, viatu vimeshikwa mkononi. Rukia alikuwa uani anaanua nguo. Nikamwita, nikamkalisha, nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyie. Alicheka kwenye gereza. Alicheka kwenye eda ya miaka thelathini. Nilipofika kwenye vidole vya Bwana Nasoro alinibusu mkono.

Halafu akaniuliza, "Na Hamidi alisema nini?"

Nilijaribu kulizungusha. Mimi niliyemtukana mshenga kwa kulipoza neno, nikajikuta na mimi nalipoza. Rukia akarudia swali. Nikamwambia alivyosema, neno kwa neno. Alikunja shuka moja, akalikunja na la pili, akaliweka.

"Mama, ile sayari haionekani, na bado inalitikisa jua lake mpaka watu wa huku wameona," alisema. "Yeye alikuwa sebule moja na mama yake, hakumtikisa hata kidogo. Mie simtaki."

Nilipandwa na hasira ambayo hamjaniona nayo hata siku za mitihani. Nilimwambia kuhusu mchanga, pikapu, pilau, mkaa wa shemeji. Nilimwambia sare zimeshonwa. Nilimwambia wanaume wote wako hivyo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, na nilipoishiwa niliona kwamba hakuna nililomjibu. Kutwa nzima niligombana na watu waliokaa na neno lake mfukoni, na huyu wa kochini alikaa nalo kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuwa nataka kumpelekea mwanangu akakae naye.

Rukia aliinuka, akaiteremsha ile pakiti kutoka juu ya kabati. Akachanganya hina na maji ya ndimu, akaketi chini, akaivuta miguu yangu mapajani mwake. Alisema hina inatoa joto. Nikamwambia hiyo ni ya harusi yake. Akasema najua, tulia. Alinipaka nyayo zote mbili mpaka vifundoni, polepole, maua na majani, kama anavyopakwa bibi arusi, na mimi nililia huku namgombeza.

Jumatatu alimpelekea Bwana Shabani neno lake mwenyewe, yeye peke yake, bila walii. Alimwambia alifikishe Mbweni siku hiyo hiyo, likiwa la moto.

Basi mmejua. Kanga zenu zivaeni mtakapo, ni nguo kama nguo nyingine. Na hina mnayoichekea ofisini bado imekolea. Kwa mwaka wa huko Farasi, mwanangu ameshaachana na Hamidi miaka miwili sasa, na miguu yangu haijawahi kupendeza hivi tangu nilipoolewa.